Chapa Shavuni mwa Ndege

Haliye Wardugu alikwenda Wadi Tirka kupeleka maji. Hakwenda kutafuta ugomvi. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe baadaye, na wote wanaomjua walicheka wakashika mbavu, maana mwanamke huyu hajawahi kuhangaika kuutafuta ugomvi. Kila afikapo huukuta umeshatandikiwa mkeka, unamsubiri.

Wiki ile uwanja wa ndege wa Wadi Tirka ulikuwa umeanguka. Watu wa kaskazini ndio waliokuja kuujenga katikati ya jangwa letu la Borku, bila hodi, wakauzungushia mabomu ya kutegwa ardhini na kutamba kwamba hakuna mtoto wa Chad atakayeukanyaga. Vijana wetu waliukanyaga asubuhi na mapema kwa magari ya Toyota, wakiyaendesha kwa kasi ya wendawazimu hadi mabomu yakawa yanalipuka nyuma yao. Kabla ya adhuhuri vifaru vya adui vilikuwa vimesimama ovyo kama mbuzi waliokosa mchungaji, na waliokuwa wakiviendesha wamekaa mchangani wamefungwa mikono kwa mikanda yao wenyewe.

Kilichokosekana ni maji. Adui alipoona mambo yamemwendea kombo alimwaga dizeli kisimani. Kuua mtu vitani ni jambo la vita, lakini kuua kisima ni uchawi, na sitarudi nyuma kwa neno hilo. Kwa hiyo kamanda Galmay akatuma watu kwa Haliye, mjane wa kaka yake, mwenye ngamia wengi na viriba vingi kuliko mtu yeyote wa upande ule, amletee maji ya kunywa.

Alifika jua likiwa limepanda. Vijana walimkimbilia, wakavishusha viriba, wakanywa hadi matumbo yakalia. Naye alikuwa anajifuta vumbi usoni alipoiona.

Ndege ya kivita. Ukiacha helikopta tatu na rada kule pembeni, nyingine zote uwanjani zilikuwa zimebaki majivu na mifupa ya chuma, lakini hii ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Rubani wake hakuwahi kuiparamia. Ilikaa chini ya wavu wa kujifichia, mdomo umechongoka, mkia umepakwa rangi ya kijani, na chini ya bawa lake wapiganaji watano sita walikuwa wamejinyoosha wakipika chai. Kivuli ni kivuli, hata kikiwa cha adui.

"Shemeji," Haliye alimwita Galmay. "Ile ni ya nani?"

"Yetu."

"Yenu kina nani?"

"Ya jeshi. Ya serikali." Galmay alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa anaogopa vitu vichache sana duniani. Shemeji yake alikuwa kimojawapo. "Kesho anakuja kapteni kutoka Njamena na wazungu wake. Wanaitaka kweli kweli. Wanasema hawajapata kuiona nzima, kila siku wanaletewa vipande."

"Na wakishaichukua?"

"Watatupa magari. Mafuta. Ndiyo vita, shemeji."

Haliye alikuwa anautazama ule mkia wa kijani, na moyoni alikuwa Orti.

Mwaka uliotangulia, kwenye kisima cha Orti, mwanawe Sugi alikuwa ananywesha ngamia. Hakuwa askari. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizoanza juzi, tayari ana mchumba, mpole kuliko mama yake, jambo ambalo si gumu. Ndege ilitokea upande wa jua, ikapita, ikaenda zake. Watu wakadhani imekwisha. Kisha ikageuka. Haliye alipofika alikuta kisima kimejaa mchanga, na ngamia wamelala, na Sugi amelala kati yao akiwa bado ameishika kamba ya ndoo.

Redio ya kaskazini ilisema jioni yake kwamba hakuna kisima kilichopigwa. Ilisema hata vita vyenyewe havipo, na kwamba wao hawana askari Chad, wala ndege. Redio ya Njamena nayo ilisoma majina ya mashahidi, ikasoma wanajeshi watupu. Basi Sugi hakuuawa na mtu. Alikufa tu, kama mbuzi aliyekula mfuko wa nailoni.

Hilo ndilo lililomnyima Haliye usingizi mwaka mzima. Kifo alikuwa amekikubali, kifo ni cha Mungu. Lakini kwao mtu akiuawa, hata kama ni kwa ugomvi wa kijinga kisimani, lazima ukoo wa muuaji uje. Huja mchana, huvua viatu, husimama, husema kwa sauti: sisi tumeua. Ndipo dia, fidia ya damu, huzungumzwa, ndipo damu hulala. Ikiwa neno hilo halijasemwa, marehemu bado yuko njiani hajafika. Haliye alikuwa akilingoja neno. Lakini nani angekuja kulisema, na kwa njia gani, wakati wenyewe wanasema hawapo?

Akaenda kwa ngamia wake mkubwa, akatia mkono mfukoni mwa tandiko, akatoa chuma cha kupigia chapa.

"Mama Sugi," alisema Kosei, mpiganaji mmoja mwenye ulimi mrefu, akijiinua kwa kiwiko. "Una ndama umemsahau?"

"Sogeza birika lako."

"Chai bado haijachemka!"

"Itachemka baadaye." Akakichomeka kile chuma katikati ya makaa.

Vijana walicheka. Walidhani anatania. Chuma kilipoanza kuwa chekundu, naye akaanza kuitazama ndege kama mtu anayemtazama ngamia mkorofi, akitafuta pa kumshika, kicheko kilipungua. Alipokivuta kutoka motoni na kuinuka, kiliisha kabisa.

"Shemeji!" Galmay alikuja mbio. "Shemeji, weka hicho chuma chini. Tumbo la huyo limejaa mafuta ya taa! Unataka kutufanya mishikaki?"

"Basi kaa mbali."

"Nakuamuru!"

"Unamwamuru nani? Mimi niliyekuogesha ulipopata surua?" Haliye hakugeuka hata kumtazama. "Wanaume mmepita juu ya mabomu mkiimba. Leo mnakimbia chuma cha ngamia?"

Na kweli walikuwa wanakimbia. Kosei alikuwa mbele yao wote, akiwa na birika mkononi, chai inamwagika. Haliye akapanda juu ya sanduku la risasi, akaipiga ndege chapa kwenye shavu la kushoto, chini ya kioo cha rubani, mahali pale pale ukoo wake unapowapiga ngamia: fito mbili na ndoano. Rangi ilitokota, ikavimba, ikanuka vibaya kuliko manyoya yoyote. Alikibonyeza chuma hadi kikapoa. Aliposhuka, alama ilikuwa imekaa, nyeusi, imenyooka, ya mtu anayeijua kazi yake. Ndege haikulipuka. Mungu naye ana siku zake za kuvumilia.

Galmay alirudi polepole, anatweta, uso umemwiva kwa hasira na aibu.

"Umefanya nini? Nitamwambia nini kapteni? Na hujui hata kama ni hii iliyompiga Sugi. Wanazo nyingi!"

"Umelelewa wapi wewe?" Haliye alimgeukia. "Baba yenu alipouawa na yule mwizi wa mifugo, ulikula ngamia wa nani? Wa mwizi? Mwizi hakuwa na hata punda kilema. Ulikula wa binamu zake, na ulilamba vidole. Au nimesema uongo?"

Galmay alivitazama vidole vyake.

"Dia haidaiwi kwa mkono ulioshika kisu, inadaiwa kwa ukoo. Ile pale mkiani ni chapa yao, ya kijani, naijua, niliiona ikipita juu ya kichwa changu. Mnyama yeyote mwenye chapa ile ana deni kwangu. Nami nimemkamata."

"Wewe? Sisi ndio tumemkamata!"

"Na ninyi ni nani, kama si watoto wangu?"

Usiku ule hakuondoka. Alitandika mkeka kando ya gurudumu, chini ya bawa, akalala usingizi wa mtu mwenye haki yake.

Kapteni Bishara aliwasili asubuhi kwa ndege ndogo ya mizigo. Jina lake maana yake ni habari njema, wala lisichanganywe na biashara, ingawa siku ile ungesamehewa kuchanganya. Alikuwa nadhifu, kombati zimepigwa pasi, na nyuma yake walifuata wazungu wawili waliovaa kofia za jua na mashati yasiyo na alama ya nchi yoyote. Wazungu walipoiona ndege macho yaliwatoka, wakaanza kuizunguka, wakiipapasa mbavu, wakipiga picha. Walipofika shavuni wakasimama. Mmoja akauliza kitu.

"Nani," kapteni aliuliza, "nani ameharibu mali ya serikali?"

Ghafla wapiganaji wote wakawa na bunduki za kusafisha.

"Mimi," alisema Haliye kutoka chini ya bawa, bila kuinuka. "Wala sijaharibu. Nimeandika."

Galmay alimweleza kapteni habari yote, kwa kifupi na kwa aibu. Kapteni akapumua. Alikuwa amesoma ng'ambo, akajua kuzungumza na watu wa kila namna, au alidhani anajua. Akachuchumaa mbele ya Haliye, akatabasamu.

"Mama, pole sana kwa msiba. Vita ni vita. Sasa tufanye hivi: taja bei yako. Nitahakikisha unalipwa, kisha vijana wanaipiga msasa hiyo alama, na sote tunaendelea na shughuli zetu."

"Wewe ndiye uliyemuua mwanangu?"

"Mimi? Hasha!"

"Ndugu zako?"

"Mama, mimi ni upande wenu!"

"Basi mbona unalipa? Mtu hajaua, anatoa dia. Huyo anataka nini?" Akawageukia vijana. "Au huko Njamena siku hizi watu wananunua dhambi za wenzao sokoni?"

Kosei aliangua kicheko, wenzake wakamfuata. Tabasamu la kapteni likakauka. Akasimama, akajipangusa vumbi magotini.

"Kamanda, muondoe huyu mwanamke."

Galmay alitazama kisu alichokivaa Haliye mkononi, juu kidogo ya kiwiko, kama wanavyovaa wanawake wa kwetu. Akakohoa.

"Kapteni, jioni wewe unarudi Njamena. Mimi nimezaliwa hapa, na nikijaliwa nitazeekea hapa. Muondoe wewe."

Kapteni hakumuondoa. Aliamua kumpuuza, na hilo ndilo kosa wanalofanya watu wengi kabla ya kujuta. Akaagiza aletwe fundi. Kati ya mateka alikuwapo mmoja aliyekuwa akiihudumia ndege ile ile, jina lake Miftah, na wazungu walimhitaji awaonyeshe namna ya kuwasha injini. Aliletwa akiwa amefunguliwa mikono, kijana mwembamba, midomo imepasuka kwa jua, miguu mitupu. Viatu vyake vizuri vya ngozi alikuwa amevivaa Kosei.

Miftah alifika mbele ya ndege, akaiona ile chapa, kisha akamwona mama aliyekaa gurudumuni. Akasimama.

"Salaam aleikum, hajat," alisema kwa adabu.

"Aleikum salaam. Sijahiji bado, nina madai ya kumaliza kwanza." Haliye alikijua Kiarabu cha sokoni, kile cha kupatana bei ya tende na chumvi, na kilimtosha. "Wewe ni wa ukoo wa ndege hii?"

"Usimjibu," alisema kapteni. "Fanya kazi yako."

"Mimi ni fundi tu," Miftah alimwambia Haliye.

"Sikukuuliza kazi. Nimekuuliza ukoo."

Kijana aliangalia chini. Wazungu walikuwa wanatazama saa. Halafu Miftah akacheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha hata chembe.

"Unauliza ukoo, hajat? Jana hawa vijana walinifungulia redio yetu. Walitaka kunicheka. Wamesema hatuna askari hata mmoja Chad. Wamesema wanaojiita mateka ni waongo, si watu wetu." Sauti ilimkatika. "Mama yangu huisikiliza redio ile kila jioni. Hakosi. Nami niko hapa, mimi si mtu wa mtu."

Haliye alimtazama kwa muda mrefu. Mwaka mzima alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyu atakapompata, na chuki ilikuwepo, hakuidanganya nafsi yake. Lakini maneno yale aliyajua. Aliyajua kwa moyo.

"Na mwanangu walimsema hivyo hivyo," alisema. "Walisema hakuna kisima. Kisima cha Orti."

Uso wa Miftah ulibadilika. Kila mtu aliona.

"Unakijua," alisema Haliye.

"Kapteni, mwambie aanze kazi," alisema Galmay kwa haraka, lakini hakuna aliyemsikiliza, na hata yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kusikilizwa.

"Ilitoka hapa," Miftah alisema polepole. "Sijui kama ni hii au mwenzake. Zote nilizijaza mafuta mimi. Rubani aliporudi alisema amepiga msafara wa magari. Akaandikiwa hivyo. Ila siku ile hakula, na alipolala alikuwa anasema kuhusu ngamia. Tulijua. Tulikaa kimya, hajat. Sote tulijua."

Haliye aliinuka. Akaushika ubavu wa ndege.

"Kwetu neno hilo lina namna yake. Husemwa kwa kusimama, bila viatu."

"Hana viatu," alisema Kosei kwa sauti ndogo.

"Basi nusu ya kazi umeshamfanyia." Akamtazama Miftah. "Aliitwa Sugi. Mwana wa Haliye. Hakuna atakayekulazimisha. Ukitaka kuwasha injini, washa, nenda zako nao."

Kapteni alitaka kusema kitu. Galmay akamwekea mkono begani, mkono mzito, akauacha pale pale.

Kijana wa watu alisimama wima kwenye mchanga wa moto. Nyuma yake mateka wenzake walikuwa wanamtazama, na miongoni mwao walikuwapo wakubwa wake, ambao siku moja wangeweza kurudi kwao na kusimulia. Alijua hilo. Akainua uso.

"Sisi tumeua," alisema. "Tulimuua Sugi, mwana wa Haliye, kisimani Orti. Tumeua."

Haliye alilia. Hakuwa amelia Orti, wala mazikoni, wala siku mchumba wa Sugi alipoolewa na mtu mwingine. Sasa alilia mbele ya wanaume wote wale, kwa sauti, bila kujifunika, na wapiganaji waliovunja ngome ya adui walitazama vidole vya miguu yao. Alikuwa na uchungu, na alikuwa ameshinda, na vyote viwili vilimtoka kwa pamoja.

Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mmesikia?"

"Tumesikia," waliitikia.

"Dia imeletwa. Naipokea. Kuanzia saa hii huyu kijana hana deni na ukoo wetu, na atakayemgusa amenigusa mimi. Kosei, vua hivyo viatu."

"Mama Sugi, ndiyo kwanza vimeanza kunizoea..."

"Vua!"

Kapteni Bishara aliinua mikono mbinguni. "Alhamdulillahi! Imekwisha. Ahsante, mama. Sasa tupishe."

"Imekwisha upande wa damu," alisema Haliye. "Bado upande wa kugawa."

"Kugawa nini?"

Aliyejibu ni Galmay, na alijibu kama mtu anayeona lori linakuja na hana pa kukimbilia. "Dia hailiwi na mtu mmoja, kapteni. Ni aibu. Hugawanywa kwa ukoo mzima, wa kuumeni na wa kuukeni, hadi binamu wa mwisho. Ngamia mmoja akija, huchinjwa."

Kapteni alielewa. Rangi ilimtoka. "Hamwezi! Hii ni ndege nzima! Wazungu hawa wametuahidi magari kwa ajili yake! Unajua italeta bunduki ngapi?"

"Helikopta mnazo pale tatu," alisema Haliye. "Rada mnayo. Vifaru mnavyo hadi vimekosa pa kuegeshwa. Vyote hivyo ni vya vita, chukueni. Hii si ya vita tena, hii ni ya Sugi."

"Kamanda!" kapteni alifoka. "Ukiigusa ndege hii utajieleza Njamena. Nakuonya. Kama kamanda wa kikosi, unasemaje?"

Galmay alisimama katikati, kati ya kombati zilizopigwa pasi na mtandio ule uliolowa machozi. Aliyataka magari, tena aliyataka sana. Alikuwa amepoteza vijana wengi kwenye magari mabovu, na vita vilikuwa bado. Na Njamena haikuwa mahali pa kujielezea watu wakarudi salama kila mara. Aliyapima yote hayo, na hakuna aliyemharakisha.

"Kama kamanda," alisema mwishowe, "sina la kusema. Lakini mimi pia ni baba mdogo wa Sugi, na mwaka mzima nilisahau, kwa kuwa nilikuwa nashughulika kuwa kamanda." Akakigeuza kilemba chake, akakikaza. "Fundi! Bawa la huyu mnyama linafunguliwa wapi?"

Miftah alikuwa amekaa chini, anavaa viatu. Alimtazama Haliye.

"Kwetu aliyeleta dia humshikia ngamia kamba wakati anachinjwa," alisema Haliye. "Ni heshima yake."

Miftah akainuka, akaomba spana.

Walianza kwa kuyatoa mafuta, maana Miftah alisisitiza na safari hii hakuna aliyebisha. Kisha bawa la kulia likashuka, na kelele zilizopigwa zilizidi zile za siku uwanja ulipotekwa. Galmay alipewa fungu la kwanza, kama ilivyo haki ya baba mdogo. Watu wa kuukeni wakapewa mkia. Kosei, ambaye undugu wake na Sugi ulikuwa wa mbali kiasi kwamba alihitaji mashahidi wawili kuuthibitisha, alipata kiti cha rubani, akakifunga juu ya Toyota yake na kukikalia hapo hapo kama sultani. Mabati ya mbavu yalikatwa vipande vipande. Sufuria zake zinapikiwa hadi leo katika nyumba za Borku, na wali wake hauungui.

Mzungu mmoja, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku akitazama kwa huzuni, aliuliza kupitia kwa kapteni kama na yeye anaweza kupata angalau kipande. Galmay akamuuliza yeye ni binamu wa upande gani.

Kapteni Bishara alikuwa amepiga kelele hadi sauti imekwisha. Jua lilipoanza kuinama alimfuata Haliye, aliyekuwa akifunga viriba vitupu juu ya ngamia wake. Kombati zake hazikuwa tena na pasi.

"Umenimaliza, mama," alisema, na safari hii hakuwa na ujanja ndani yake. "Niliwaahidi ndege. Watanisimamisha mbele ya meza, wataniuliza. Nikawaambie nini?"

Haliye alikaza kamba, akaijaribu, akaikaza tena. Kisha akamgeukia.

"Waambie ukweli. Waambie kulikuwa na kijana aliyeitwa Sugi, mwana wa Haliye, alikuwa ananywesha ngamia kisimani Orti, akauawa, na waliomuua wamesema. Useme hivyo mezani, na useme hivyo redioni."

"Mama, redio si yangu..."

"Sema."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nikusikie."

Kapteni alitazama huku na huku. Vijana walikuwa wameacha nyundo zao, wanangoja. Wazungu nao walikuwa wamegeuka. Akalamba midomo, akaanza kwa sauti ya chini, ya mtu anayesoma karatasi asiyoipenda.

"Kulikuwa na kijana, aliitwa Sugi..."

"Juu kidogo," alisema Haliye. "Wa nyuma hawasikii."

Kapteni akavuta pumzi, akaanza upya.